Mvua Yako Haimo Humu

Jioni hiyo Mkurugenzi wa Mji, ambaye watu walimwita Bwana Kioo, alirudi ofisini kuchukua miwani aliyoisahau. Kichwa alikuwa nacho, ila cha kuvalia kofia tu.

Ukutani, kwenye kioo kikubwa, Pacha alikuwa bado anawaka. Pacha ni nakala ya mji mzima ndani ya kompyuta: kila mtaa, kila bomba, kila mtaro. Bwana Kioo aliitawala nakala. Mji wenyewe alimwachia Mungu. Asubuhi ile mama muuza mkaa alikuja na gunia linalochuruzika, akalia kwamba mtaro umefurika hadi kitandani. Bwana Kioo akachungulia kioo, akacheka mpaka tumbo likachelewa kutulia.

"Mama, huku ni kukavu. Mvua yako haimo humu. Nenda nyumbani."

"Haya, baba," mama alijibu taratibu. "Omba na wewe usije ukatoka humo."

Sasa, akipapasa miwani mezani, akasikia harufu... Mkaa uliolowa.

Akainua macho. Ndani ya Pacha, gari lake lilikuwa linaingia nyumbani kwake.

Gari lake lenyewe lilikuwa hapo chini, akiliona dirishani.

Kwenye kioo mtu akashuka. Tumbo lile lile. Mwendo ule ule wa bata aliyepandishwa cheo.

Bwana Kioo akampigia mkewe simu.

"Mke wangu... nani kaingia hapo?"

Kijiko kikagonga sahani. Mke akanong'ona, "Wewe nani? Mume wangu yuko hapa, anakula."

Akatimua mbio. Gari likagoma kumfungukia. Akakata mitaa ambayo kwenye kioo ni mikavu. Maji yakamfika magotini, yakinuka. Getini mlinzi akawasha tochi. Mwanga ukampita.

"Fungua, mjinga wewe!"

"Nasikia sauti," mlinzi alinong'ona akitazama kamera, "ila mtu simwoni. Na bosi alishasema, asiyemo kwenye kioo hayupo."

Ndani mtu akacheka. Kwa sauti yake Bwana Kioo.

"Mwambie mvua yake haimo humu. Aende nyumbani."

Kesho yake Mkurugenzi aliwahi kazini, viatu vikavu. Hakuna aliyeona tofauti. Wangeionaje? Hata yule wa kwanza alikuwa ganda tu.

Ila mvua ikinyesha jioni, mama muuza mkaa husikia mlango ukigongwa... taratibu... na mtu mzima akilia nje: "Mama, nipokee. Maji yamenifika shingoni."

Mama hafungui.

"Nenda ofisini, baba," humjibu. "Huko ni kukavu."