Mgeni Aliyekaribishwa na Enoka

Asubuhi Nyamburi alitumbukiza kata mtungini, kata ikagota. Maji yalikuwa na ganda gumu la barafu juu. Bunda hii, mwezi wa pili, jua la kuunguza nyayo!

"Baba Boke, njoo uone."

Mumewe, Enoka, akaja akatazama, akakaa chini.

Enoka alikuwa fundi wa mashine za kuchambulia pamba. Alipelekwa ng'ambo kusomea kazi hiyo, akarudi mwaka ule watu wanahamia vijiji vya ujamaa, naye akapata nyumba kwenye safu ya nyumba mpya za kijiji.

"Kuna kitu sikukwambiaga," alisema.

Kule ng'ambo walipelekwa porini kulala usiku mmoja, wajifunze kuishi kwenye theluji. Kiongozi wao akawafundisha kuchimba shimo la kulala humo humo ndani ya theluji, akawaonya: ukisikia mtu nje, nyamaza. Haya, wenzake wakanyamaza. Enoka akasikia nyayo zinakwaruza, meno yanagongana, mtu analia kwa baridi. Sasa mtoto aliyelelewa kijijini Mugeta atafanyaje? Kwao mgeni halali nje.

"Nikasema karibu."

"Mungu wangu! Kwa Kiswahili?"

"Kwa Kiswahili. Na akajibu, mama Boke. Akasema ahsante."

Kuanzia hapo hawakupata usingizi. Harufu ya chuma kilicholowa ilijaa nyumbani, nyayo za maji zikaanza kuonekana sakafuni, kwanza mlangoni, kisha karibu na mtungi, kisha kando ya kitanda, kila mara karibu zaidi na Boke, kichanga wao, mpaka Nyamburi akaamka akamkuta mtoto midomo ya buluu, mwili baridi upande mmoja tu, ule upande ambao hakulala mama yake, kama kwamba kuna mtu mwingine alikuwa amemkumbatia ili apate joto.

Nyamburi alilia mpaka majirani wakaja; mtoto alikuwa bado anapumua. Enoka akakimbilia Musoma, mtaa wa Iringo, akarudi na fundi Kudura, mtu wa dawa na dua.

Kudura alivuta hewa, akatikisa kichwa. "Huyu hakuvunja mlango. Mgeni uliyemkaribisha hafukuzwi, husindikizwa. Mchana, jua la utosi, mpeleke mpaka mwisho wa mashamba ya pamba. Ukifika, geuka urudi. Lakini usimuage! Neno moja tu la kuaga na mtoto huna."

Enoka akatoka, kinywa amekifunga. Ubavuni baridi ikamfuata. Vumbi likawa linalowa, unyayo baada ya unyayo, sambamba na wake. Mwisho wa pamba akageuka. Baridi ikabaki nyuma. Jua likamchoma mgongo, akalia kwa furaha huyo mwanaume, bila aibu.

Njiani akasikia anaitwa. Alikuwa mama yake, Hana, anatoka Mugeta kwa njia hiyo hiyo ya mashambani, kapu la viazi kichwani, kuja kumwona mjukuu.

"We Enoka! Mgeni unamwacha njiani hivyo, hata kumuaga? Nani alikulea?"

"Mama, mgeni gani?"

"Si yule mrefu. Nimempa mkono, masikini, baridi kama maiti. Nimekuombea radhi. Nikamwambia karibu tena, baba, hapa ni kwako."

Enoka akageuka kutazama mwisho wa pamba.

"Ana adabu kuliko wewe," mama yake akaendelea, akiweka kapu sawa. "Amesema ahsante, akakatisha mashambani. Ametangulia nyumbani."