Fomu Kumi na Moja

Kila Jumanne na Alhamisi, saa tisa na nusu alasiri, Karani alitoka shuleni akapitia maktaba ya mtaa. Baba yake huwa amekwisha kufika. Hukaa kwenye benchi la mlangoni, shati limepigwa pasi, bahasha ya kaki mapajani, kama mtu aliyeitwa na hakimu.

Karani halikuwa jina lake la shule. Baba alimpachika jina hilo siku alipomwona akichapa barua kwa vidole kumi bila kutazama herufi. Yeye mwenyewe alikuwa fundi wa majokofu, na mtaa mzima ulimwita Fundi Barafu. Kwa miaka kumi na tisa alihudumia vyumba vya baridi vya kiwanda cha maziwa, mpaka kiwanda kilipofungwa. Mikono yake iliweza kufungua kompresa bila taa. Mbele ya kompyuta, hata hivyo, kidole chake kimoja kilitangatanga juu ya herufi kama kuku anayetafuta punje.

Siku hizi matangazo ya kazi yalitoka kwenye mtandao, na maombi yalipelekwa huko huko. Hapakuwa tena na mlinzi wa kumwachia barua getini. Kwa hiyo baba na binti walipatana: Baba aseme, Karani achape.

Maktaba ilimpa kila mtu saa moja tu kwenye kompyuta. Mkutubi, mama mmoja mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, alihesabu dakika kama mtu anayegawa dawa. Tatizo la Karani lilikuwa jingine. Saa kumi kamili, kwenye uwanja ulio nyuma ya maktaba, ililia filimbi ya mazoezi ya netiboli. Karani alikuwa mfungaji wa timu ya shule.

Fomu ya kwanza iliwala siku mbili nzima. Kila swali lilikuwa na majibu mawili, Ndiyo na Hapana. Ukibonyeza Hapana, fomu ilikupeleka mbele. Ukibonyeza Ndiyo, kisanduku kilifunguka chini yake na kudai neno moja: Eleza. Na Fundi Barafu hakujua kueleza kwa ufupi.

"Je, umewahi kuhudumia majokofu ya ghala?" Karani alisoma.

"Ndiyo, tena sana. Andika hivi, mwanangu. Mwaka ule wa mvua nyingi, bomba la chumba cha pili liliganda. Watu wote wakasema kompresa imekufa. Mimi nikaweka kiganja hapa, nikasikiliza..."

Filimbi ikalia. Karani akaandika habari ya bomba mpaka mwisho. Alipofika uwanjani, wenzake walikuwa wanavaa viatu vya kurudia nyumbani. Nahodha akamwambia kwamba benchi la akiba lina nafasi nzuri, lina hata kivuli.

Maneno hayo yalimchoma. Fomu ya pili ilipofunguliwa, Karani alisoma swali, Baba akasema ndiyo na kuanza kusimulia. Karani akabonyeza Hapana.

"Nimeshafupisha, Baba," alisema.

"Yote hayo umeyafupisha?" Baba alishangaa. Hakuwa na miwani ya kusomea, na maandishi ya kioo yalikuwa madogo. Alimtazama binti yake badala ya kioo. "Kweli wewe ni karani."

Siku hiyo aliwahi mazoezi. Aliwahi pia Alhamisi, na wiki iliyofuata, na nyingine baada yake. Moyoni alijiambia kwamba maswali yale ni ya kujaza nafasi tu. Wasifu wa Baba ulikuwa umeambatishwa chini, na mtu mwenye akili angeusoma. Alijiambia hivyo mara nyingi, na kila mara sauti yake ya ndani ilikuwa ndogo kidogo kuliko mara iliyopita.

Fomu zikafika tano, kisha nane. Baadhi hazikujibiwa kabisa. Nyingine zilijibiwa haraka mno, na jibu lilianza kwa neno lile lile: Tunasikitika.

Nyumbani mjadala haukuisha. Mjomba, kaka yake Mama, dereva wa lori ambaye naye alikuwa hana kazi, alikuja kunywa chai na kutoa hukumu. Alisema kwamba nafasi za mtandaoni zina wenyewe, na tangazo ni pambo tu.

"Shemeji, unaandikia kioo," alimwambia Baba. "Kioo kimeajiri nani?"

Mama alicheka akiwa anashona vifungo. Yeye aliamini kwamba kazi hutafutwa kwa miguu na kwa kuonekana sura. Mwanzoni Baba alijitetea. Alimtaja kijana wa nyumba ya tatu, aliyepata kazi ya uhasibu kwa njia hiyo hiyo. Baada ya fomu ya nane hakumtaja tena kijana huyo. Alimaliza chai yake, akatoka nje.

Karani alisikia yote hayo akiwa ameinamia daftari. Hesabu ilimshinda kabla hajaianza.

Fomu ya kumi na moja ilikwenda kwenye ghala la baridi la kuhifadhi matunda. Baba aliipenda nafasi hiyo kuliko zote. Alikwenda hata kulitazama ghala kwa nje, akarudi akisema kwamba mashine zake zinanguruma vizuri, isipokuwa moja. Alhamisi jibu likaja. Karani alilifungua maktabani, Baba akiwa begani kwake.

Barua ilikuwa na sentensi mbili. Ya kwanza ilisema: Tunasikitika kukujulisha kwamba hukuchaguliwa. Ya pili ilisema: Katika swali la tano umejibu kwamba hujawahi kuhudumia majokofu ya ghala.

Karani alihisi masikio yakimwaka moto.

"Wanasemaje?" Baba aliuliza.

Akamsomea sentensi ya kwanza. Ya pili akaimeza.

Baba akaichukua bahasha yake ya kaki, akainyoosha kingo zilizokunjamana. "Ghala la baridi, mwanangu," alisema taratibu. "Hata hao hawanitaki."

Filimbi ililia saa kumi. Karani alikwenda uwanjani, akakosa magoli saba. Nahodha alimwuliza kama anaumwa. Alisema ndiyo, na hapo akagundua kwamba ameongeza uongo mwingine juu ya rundo.

Ijumaa alipotoka shuleni alimkuta Baba uani, amekaa kwenye kigoda. Mbele yake sanduku la zana lilikuwa wazi. Alikuwa ameipangusa kila spana na kuilaza juu ya gunia kwa mpangilio wa ukubwa. Kando ya sanduku vilikuwapo viatu vya netiboli vya Karani. Soli iliyokuwa ikipiga makofi tangu mwezi uliopita ilikuwa imebandikwa na kushonwa kwa uzi mnene.

"Usivivae mpaka kesho, gundi ikauke," Baba alisema. "Huwezi kufunga magoli na kiatu kinachokucheka."

"Na hizo zana, Baba?"

"Fundi redio anazichukua kesho asubuhi. Mjomba wako ameniulizia kazi ya ulinzi mahali. Zana hizi zinakula nafasi bure." Alikuwa ameshika geji ya kupimia gesi, ile yenye kioo cha mviringo aliyoipata mwaka wake wa kwanza kazini. Aliipangusa, akaiweka chini, akaichukua tena.

Karani alitazama viatu. Alijua kwamba akiingia ndani sasa, ataweza kujifanya hajui kitu mpaka kesho, na kesho mlango utakuwa umefungwa.

"Baba, usiwape watu hiyo geji."

"Kwa nini?"

"Kosa si lako. Ni langu."

Akaeleza. Alieleza habari ya kisanduku, filimbi, Hapana ya kwanza na zote zilizofuata. Akaeleza sentensi ya pili ya barua ya jana. Hakulia, maana aliona kwamba kulia kungekuwa kuomba huruma isiyo yake.

Baba hakupandisha sauti. Kitambaa chake kiliendelea kuzunguka pale pale juu ya kioo cha geji, ingawa palikuwa pamekwisha kung'aa.

"Nilipokuwa ninasimulia habari ya bomba lililoganda," aliuliza mwishowe, "ulikuwa huandiki?"

"Niliandika mara ya kwanza tu."

"Mara kumi nilikuwa ninajisimulia mwenyewe."

"Ndiyo, Baba."

Karani alitamani afokewe. Kufokewa kungekwisha. Badala yake Baba alisema kwa sauti ya chini, kama anayezungumza na zana zake, "Nilikuwa nimeanza kuamini kwamba miaka kumi na tisa nilikuwa ninacheza."

Mama alikuwa amesimama mlangoni, shati lenye kifungo kimoja mkononi. Alikuwa amesikia. Karani alimsubiri amshukie, lakini Mama alimtazama mumewe, si binti yake. "Na mimi niliyekuwa ninacheka," alisema. Kisha akamgeukia Karani. "Maktaba inafungwa saa ngapi?"

"Saa kumi na moja."

"Basi mmekaa hapa mnafanya nini?"

Walikwenda mbio. Tangazo la ghala lilikuwa bado wazi hadi jioni ile. Karani alijaza jina la Baba, akabonyeza, na kioo kikaandika: Umekwisha kuomba nafasi hii. Akajaribu tena. Kikaandika vile vile.

Alikwenda kwenye meza ya mkutubi akamweleza kila kitu, mara ya pili kwa siku moja, na mara ya pili haikuwa nyepesi kuliko ya kwanza. Mkutubi alisukuma miwani yake juu. Alisema kwamba mashine ikishakukataa haina masikio, lakini nyuma ya kila mashine kuna mtu. Akamwonyesha anwani ya barua pepe ya msimamizi wa ghala, chini kabisa ya tangazo, kwa herufi ndogo ambazo Karani alikuwa hajawahi kuzifikia kwa sababu ya haraka.

Baba alitaka waandike kwamba majibu ya mwanzo yalikuwa na makosa, basi. Hakupenda kumweka binti yake hadharani.

"Hapana, Baba," Karani alisema. "Wakidhani ni wewe, wataona fundi asiyejua hata alichowahi kukifanya."

Akaandika hivi: Majibu ya Hapana katika fomu hii si ya baba yangu. Ni yangu. Yeye alisema Ndiyo kila mara, na mimi nilibonyeza Hapana ili niwahi mazoezi ya netiboli. Yeye hakujua. Sasa ninaandika alichokisema.

Kisha akamgeukia Baba. "Anza tena. Mwaka ule wa mvua nyingi."

Baba alisita, akakohoa, akaanza. Alieleza jinsi bomba lilivyoganda, jinsi alivyoweka kiganja, jinsi alivyosikia gesi ikipita kwa shida kama mtu mwenye mafua. Karani alichapa neno kwa neno. Saa yao moja ilipokwisha, mkutubi alitazama saa ya ukutani, akainuka, akaenda kupanga rafu ambayo ilikuwa imekwisha kupangwa.

Jumamosi fundi redio alikuja na mkokoteni. Baba alimwomba radhi na kumwambia asubiri wiki moja. Jumapili ilikuwa ndefu. Karani aliiangalia simu ya Mama mara nyingi hata Mama akamwambia ataitoboa kwa macho.

Jumatatu jioni, aliporudi kutoka shuleni, Baba hakuwapo. Alirejea jua likiwa limetua, suruali ina madoa ya grisi, na grisi hiyo ilimwambia Karani kila kitu kabla ya maneno.

Baba alikaa akasimulia. Simu ilikuwa imelia saa tatu asubuhi. Msimamizi wa ghala, mama aliyevaa koti zito kama mtu wa milimani, alimwambia kwamba walioomba walizidi mia, na kompyuta huchuja kwa majibu ya fomu. Fomu yake haikumfikia kamwe. Barua ya Ijumaa aliisoma mara mbili, kwa sababu mashine ya chumba cha tatu ilikuwa na mafua yale yale. Hakumwuliza maswali mengi. Alimpeleka chumba cha tatu.

"Nikaweka kiganja," Baba alisema, akaweka kiganja juu ya meza kuonyesha. Mama alikuwa ameacha kushona. "Saa mbili baadaye ilikuwa inanguruma kama dada zake. Nimepewa miezi mitatu ya majaribio. Kesho saa moja niko kazini."

Mama alipiga vigelegele vifupi, akakimbia kuweka chai. Karani alibaki. Furaha ilikuwapo, lakini chini yake palikuwa na kitu kinachochoma.

"Na zile tisa nyingine, Baba?"

"Hatutajua zingetupeleka wapi," Baba alijibu. Hakumficha. "Huenda popote. Huenda mahali pazuri zaidi. Hizo zimekwenda." Alimvuta akae karibu naye. "Sikiliza, mwanangu. Mjomba wako anasema kioo hakiajiri mtu, na ni kweli. Kioo kinapeleka tu ulichokipa. Kilipeleka Hapana zako kwa haraka, na ukweli nao kimeupeleka. Aliyetakiwa kuwa mwaminifu ni aliyeketi mbele yake. Mtu akikukabidhi maneno yake, amekukabidhi jina lake. Usiyapunguze kwa sababu una haraka. Na ukikosea, sema mapema, kabla mwenzako hajaanza kujidharau kwa kosa ambalo si lake."

Karani aliitikia kwa kichwa. Maneno hayo hakuyaandika popote, na hayakumtoka.

Alhamisi iliyofuata alimwambia nahodha ukweli kuhusu ugonjwa wake wa wiki iliyopita, na kwamba baadhi ya siku atachelewa. Akapewa nafasi ya akiba. Hakubisha.

Maana siku hiyo, kwenye benchi la mlangoni mwa maktaba, alikuwa ameketi Mjomba, shati limepigwa pasi, bahasha mapajani. Alieleza kwamba amekuja kutazama tu. Alipoketi mbele ya kioo alikitazama kama askari wa barabarani aliyemsimamisha.

"Je, umewahi kuendesha lori lenye tela?" Karani alisoma.

"Mimi? Ndiyo," alisema Mjomba. "Tena ngoja nikuambie. Kuna siku breki zilikataa kwenye mteremko..."

Karani akabonyeza Ndiyo. Kisanduku kikafunguka. Nje filimbi ikalia, ndefu na kali. Karani akaweka vidole kumi juu ya herufi.

"Taratibu, Mjomba," alisema. "Mteremko huo ulianzia wapi?"