Mtani Asiyedai Kuku

Mwizi alitoka na mashine mchana kweupe, mbele ya watu wote, na watu wakacheka.

Saburi naye akacheka.

Hilo ndilo lililomchoma zaidi baadaye. Jasusi wa chama cha kudai uhuru, mtu aliyewahi kupita vizuizi vya polisi na karatasi za siri ndani ya tairi la pikipiki, aliibiwa nyumbani kwake Nambambo akiwa amekaa mkekani, tumbo limejaa ubwabwa, meno nje.

Ilikuwa arobaini ya mkewe, Swaumu, mwaka 1957, ufuta ukiwa umeshavunwa. Hitima ilikuwa imesomwa. Watani walikuwa wamefika kama wanavyofika kwenye kila msiba wa upande huu. Mtani haalikwi, hazuiwi wala hakasirikiwi. Atamwigiza marehemu, atamsema vibaya mbele ya mama yake mzazi, atabeba sufuria la wafiwa na kulificha mpaka apewe kuku wa kuligomboa. Ndiyo dawa ya kilio. Ukimkasirikia mtani, mwenye kosa ni wewe.

Kwa hiyo mtu mwembamba alipotoka ndani ya nyumba amejifunga kanga ya Swaumu, hakuna aliyemuuliza jina.

Akatembea.

Bega la kushoto chini kidogo, kisigino kikiburura, vilevile Swaumu alivyotembea tangu alipovunjika mguu utotoni. Wanawake walipiga vigelegele huku wanalia. Saburi alimwona mkewe akivuka uwanja, na kicheko kikamtoka, cha kwanza tangu mazishi. Macho yake yalikuwa kwenye kisigino kile. Mkono uliobeba sanduku la kijivu hakuutilia maanani.

Mtu yule akapita nyuma ya choo. Hakurudi.

Aliyegutuka wa kwanza ni Bi Sikuzani, mama mzazi wa Swaumu. Alimjia mkwewe akainama sikioni kwake.

"Baba, yule mtani wa kanga, mbona hajaja kudai kuku?"

Saburi aliacha kutafuna.

"Na wali hakula," bibi akaendelea. "Mtani gani anaondoka msibani na njaa? Nimewauliza watani wetu. Kila mmoja alidhani ni mtu wa mwenzake."

Saburi aliingia ndani mbio. Akainama chini ya kitanda. Simu ilikuwepo. Bastola ya Webley ilikuwepo, imeviringishwa kwenye shuka. EMI haikuwepo.

EMI ilikuwa mashine ya kunasia sauti, ya betri, ndogo kama begi la mwalimu, imetengenezwa Uingereza. Chama kilimpa kwa kazi moja. Neno la mtu mweusi hakimu hulikataa, lakini sauti ya mzungu mwenyewe ataikataaje? Mashine ilikuja na utepe mmoja tu.

Na utepe ule, Mungu amsamehe, Saburi alikuwa ameuharibu. Siku moja Swaumu alikuwa anatwanga, anaimba wimbo wa kuwasuta waume wavivu, naye akaiwasha mashine kwa mzaha. Utepe ukajaa Swaumu tangu mwanzo hadi mwisho. Mwezi uliofuata homa ikamchukua. Wakubwa wa chama Dar es Salaam waliagiza afute utepe, awe tayari kwa kazi. Akajibu, nitafuta. Hakufuta. Kila siku alivaa visikilizio vya masikioni akamsikiliza mkewe, kama mgonjwa anayekunywa dawa.

Bi Sikuzani hakuwa amesikia bado. Saburi alikuwa amemwahidi: arobaini, wageni wakiondoka, nitakuvisha, umsikie mwanao. Bibi alikuwa ameoga mapema na kuvaa kanga mpya kwa ajili hiyo.

"Nitairudisha, mama," Saburi alisema, akichomeka bastola kiunoni.

"Urudi wewe kwanza."

Akazungusha mkono wa simu. Ilikuwa simu ya kijeshi, na nyaya zake zilikuwa zile ambazo wazungu wa mradi wa karanga walizisahau juu ya nguzo walipofungasha, karanga zimewashinda. Upande wa pili alikuwa Felisian, karani wa stesheni ya Nachingwea, Mkristo wa misheni asiyejua kusema uongo, na kwa hiyo mtu mwenye mateso mengi katika kazi hii.

"Stesheni."

"Ufuta umelowa," Saburi alisema.

Kwa lugha yao ya siri, maana yake ilikuwa wizi.

"Wote?"

"Na gunia lake."

"Gunia la kijivu, lenye mpini? Nimeliona sasa hivi. Limepanda lori. Bedford. Bluu."

"La nani?"

"Taveira. Limeshika njia ya Ruangwa, kambi ya mbao ya Likunja."

Saburi alifumba macho. Taveira alikuwa Mreno wa ng'ambo ya Ruvuma, mnunuzi wa mbao. Baruti ya kung'olea visiki, iliyobaki tangu enzi za karanga, ilikuwa inapotea ghalani sanduku kwa sanduku, na nyayo zote ziliishia kwenye lori lake. Saburi ndiye aliyepangwa kumnasa sauti. Kumbe Taveira alishapata habari, amewahi. Ameiba masikio kabla hajafungua mdomo.

"Treni ya watu wa mkutano wa chama inakuja lini?"

"Kesho asubuhi. Mabehewa yamejaa. Wanawake, watoto, ngoma."

"Mpigie inspekta wa polisi. Mwambie aje Likunja."

"Atakuja kwa neno langu?"

"Mwambie mali ya mzungu imeibiwa."

"Saburi, huo ni uongo."

"Imetengenezwa na nani? Mzungu. Mpigie."

Akakata.

Pikipiki yake ilikuwa BSA. Aliikanyaga mara moja ikanguruma, akawaacha waliofika kumlilia mkewe wakitazama vumbi lake. Alipita matrekta ya karanga yaliyokufa kandokando ya njia, nyasi zimeota kwenye viti vyake. Alipita mashamba ya mikorosho. Machozi yalimtoka njia nzima. Ungemuuliza angekwambia ni vumbi. Usingemwamini.

Karibu na kambi alizima injini na kuilaza pikipiki kwenye mabua ya ufuta. Palikuwa kimya. Wapasuaji wa mbao walikuwa wamepewa ruhusa siku hiyo, jambo ambalo Taveira hakuwahi kulifanya tangu kambi ianze. Bedford ilikuwa kivulini. Saburi alifungua boneti taratibu, akachomoa nyaya za plagi zote, akazitia mfukoni. Akainua turubai. Chini ya mbao kulikuwa na masanduku ya baruti.

Akaingia stoo kwa dirisha la nyuma.

EMI ilikuwa juu ya rundo la mbao za mninga. Alifungua kifuniko. Utepe ulikuwemo. Akavaa visikilizio, akabonyeza.

Mchi ukagonga kinu. Tena. Kisha Swaumu akaanza kuimba.

Alikuwa mzima kabisa mle ndani. Alikuwa anahema kati ya mstari na mstari. Dirisha lilikuwa wazi, pikipiki ilikuwa karibu, na Bi Sikuzani alikuwa amekaa na kanga yake mpya akisubiri. Hatua chache tu, na kila kitu kingekuwa salama.

Ndipo akasikia sauti nyuma ya ukuta wa fito. Akatoa visikilizio.

"Rudia, Shaibu," ilikuwa sauti ya Taveira. "Wewe kichwa chako kizito."

"Jioni naweka baruti chini ya daraja la reli," alijibu yule mtani wa uongo. "Kesho treni ya mkutano ikifika katikati, nawasha."

"Halafu?"

"Halafu watu wanakufa, Senyori."

"Halafu serikali inasema chama kimelipua. Chama kinafungwa. Na ng'ambo ya Ruvuma watu wangu wanaacha kuota ndoto za uhuru za huku. Rudia tena, tangu mwanzo."

Saburi aliitazama mashine.

Angeweza kukimbia na kuizuia treni. Felisian angeizuia kwa neno moja. Lakini baruti ingewekwa siku nyingine, chini ya daraja jingine, na neno la Saburi mbele ya neno la Taveira halikuwa na uzito wa punje ya ufuta. Ushahidi ulikuwa unasemwa pale pale, kwa mdomo wa mwenyewe. Utepe ulikuwa mmoja.

Akaurudisha mizunguko michache hadi mwanzo. Akapenyeza maikrofoni kwenye ufa wa ukuta. Kidole chake kikakaa juu ya kitufe chekundu, na hakuna aliyejua kilikaa kwa muda gani, maana yeye mwenyewe hakujua.

"Nisamehe, mke wangu."

Akabonyeza.

Utepe ukazunguka. Taveira aliongea, Shaibu akarudia, Taveira akatukana, Shaibu akakosea, wakaanza upya. Watu waovu wana maneno mengi. Saburi alisimama pale akitazama vigurudumu vikizunguka, na kila mzunguko ulimwondolea Swaumu kidogo. Kwanza pumzi zake. Kisha wimbo. Kisha kicheko chake katikati ya wimbo, pale mchi ulipomponyoka. Alijua kila kitu kilikuwa wapi kwenye utepe ule. Alimzika mara ya pili, na mara hii hapakuwa na mtu wa kumshika mkono.

Utepe ulipobaki unene wa ukucha, mazungumzo yakaisha. Akazima.

Mlango ukafunguliwa. Shaibu alisimama kizingitini na panga mkononi.

"Karibu, mtani," Saburi alisema. "Nimekuletea kuku wako."

Webley ilikuwa imemwelekea kifuani. Shaibu alirusha panga. Saburi alikwepa, panga likakita kwenye ubao, naye akamfikia kwa hatua moja akampiga kitako cha bastola nyuma ya sikio. Shaibu alikaa chini polepole.

Nje, Taveira alisikia kishindo, akakimbilia lori. Starta ililia. Ikalia tena. Bedford haikuwaka.

Saburi alitoka kivulini, ameshika nyaya za plagi kama mtu aliyetoka mnadani na mkungu wa ndizi.

"Unatafuta hizi, Senyori?"

Land Rover ya polisi iliingia kambini kwa vumbi jingi. Inspekta alikuwa Mwingereza kijana, amechoka, shingo imeungua jua, na nyuma yake askari. Taveira hakutetereka. Alitoa kibali cha kung'oa visiki, akatabasamu.

"Baruti ni yangu kwa sheria. Huyu ni mwizi, amevunja stoo. Ni neno langu na neno lake, bwana inspekta. Utachukua lipi?"

Inspekta alikitazama kibali. Akamtazama Saburi, na Saburi akaona jibu usoni mwake kabla halijatamkwa.

Hakubishana. Aliiweka EMI juu ya boneti ya Land Rover, akaurudisha utepe, akamvisha inspekta visikilizio na kubonyeza. Kiswahili cha inspekta hakikuwa kizuri, lakini daraja, treni na baruti ni maneno mepesi. Uso ulimbadilika. Akamnyooshea kidole Taveira.

"Funga huyu. Funga na yule."

Shaibu alipelekwa garini. Sasa alitembea kwa miguu yake mwenyewe, mabega sawa, kama mwanamume yeyote aliyekamatwa. Saburi alimtazama mpaka alipopanda. Alitamani kumwambia atembee tena kama mara ile uwanjani. Aliona haya kwa kutamani hivyo.

"Subiri," inspekta alisema. Bado alikuwa amevaa visikilizio. "Mwisho kuna mwanamke."

Saburi alivipokea. Akaurudisha utepe nyuma kidogo, akasikiliza.

Ulikuwa ule unene wa ukucha. Mchi ulikuwa umetulia, na Swaumu alikuwa anasema kwa sauti ya mtu aliyechoka na mchezo: "Zima sasa. Mimi nipo hapa, unisikilize mwenyewe."

Kisha mvumo mtupu.

"Ni nani?" inspekta aliuliza.

"Hayumo kwenye kesi, bwana."

"Nitachukua utepe wote. Mahakama haitaki utepe uliokatwa."

"Chukua."

"Na hii mashine? Niliambiwa ni ya mzungu. Mzungu gani?"

"Wa kiwandani," Saburi alisema. Akaufungia utepe ndani ya bahasha ya inspekta, akachukua sanduku lake, akaenda zake kwenye ufuta bila kugeuka.

Alifika Nambambo jua linaelekea kuzama. Watani wa kweli walikuwa wanaosha masufuria, kuku wao wamefungwa miguu pembeni. Bi Sikuzani alikuwa mkekani na kanga yake mpya. Aliliona sanduku kabla ya kumwona mkwewe.

"Umeileta."

"Nimeileta, mama. Lakini yeye hayumo. Nimemfuta."

Akamweleza yote: daraja, treni, wanawake na ngoma zao. Hakujitetea. Bi Sikuzani alisikiliza mpaka mwisho, kisha akachukua visikilizio akavivaa hata hivyo, akavibana kwa viganja. Vigurudumu havikuwa na kitu.

"Hakubakisha hata neno?" aliuliza alipovivua.

"Alibakisha. Alisema nizime. Alisema yeye yupo, nimsikilize mwenyewe."

Bibi alicheka, na kicheko kikamgeukia kuwa kilio hapo hapo, asipate hata nafasi ya kufuta macho.

"Ndiye," alisema. "Ndiye huyo mwanangu. Hivyohivyo ndivyo alivyokuwa anamkatiza hata baba yake."

Ndani, chini ya kitanda, simu ikaanza kulia. Bila shaka alikuwa Felisian, na amri mpya kutoka Dar es Salaam. Saburi aliinuka, akaingia, akachomoa waya. Kisha akarudi akakaa mkekani, karibu kabisa, kama mtu asiyetaka kupitwa na neno.

"Niambie habari zake, mama," alisema. "Tangu alipokuwa mdogo. Ninasikiliza."