Zamu ya Wenyewe

Attracta Gilmartin alikuwa shangazi yangu, dada wa baba mmoja na mama mmoja na baba yangu. Haya alinisimulia mara moja tu, jikoni kwake, bila kupandisha sauti. Nimeyaweka kama alivyoyasema.

Jumapili hiyo ya Novemba ilianza kama Jumapili nyingine yoyote pale Drumnagee. Baada ya misa watu walivuka barabara hadi ukumbi wa kijiji, wakatundika makoti yaliyolowa mvua, birika kubwa la chai likachemshwa, na sandwichi za nyama ya nguruwe zikapangwa mezani. Wapiga muziki walikaa duara mbele ya jukwaa na fidla zao na filimbi. Radoy, Mbulgaria aliyekuwa akichuma uyoga kwenye shamba la jirani, alikuja na zumari ya kwao, ile yenye mfuko wa ngozi ya mbuzi, na kila mtu alitaka kuigusa.

"Huyo mbuzi ulimla au ulimwoa?" akauliza mzee Festus Tansey, amejiegemeza kwenye mikongojo yake miwili.

"Nilimla, mzee. Kilichobaki ni kelele tu, kama wewe."

Ukumbi mzima ukacheka, na Festus mwenyewe akacheka kuliko wote. Attracta hakucheka. Alikuwa akimtazama Malachy, kitinda mimba wa kwao, mdogo wa baba yangu, aliyerudi kutoka Boston akiwa na kodiani mpya, kinanda cha kuvuta, kifuani.

Ilikuwa siku ya kumkumbuka marehemu baba yao, na kila mwaka siku hiyo Attracta alipiga wimbo wa ukoo. Babu yao aliusikia ndani ya lile boma la kale juu ya kilima, lenye duara la miti ya miiba ambayo hakuna mtu wa Drumnagee anayeikata hata tawi. Nyimbo za kule huwa na pande mbili. Babu aliusikia upande wa kwanza, kisha akaona kuwa waliokuwa wakipiga si watu, akakimbia. Ndiyo maana akina Gilmartin walipiga upande wa kwanza, wakalaza upinde magotini, na ukumbi wote ukakaa kimya kwa muda ambao upande wa pili ungechukua. Halafu wakarudia ule wa kwanza, wakafunga. Ukimya ule uliitwa zamu ya wenyewe, yaani wale wa bomani. Watu hawakukohoa ndani yake. Akina mama walitoka nje na watoto wachanga.

Malachy alimfuata kwenye meza ya chai.

"Dada, nimeutungia upande wa pili."

"Katungie mwingine."

"Wimbo nusu ni kama suruali ya mguu mmoja. Mpiga muziki gani anaweza kuuacha hivyo?"

"Baba aliuacha."

"Baba aliogopa hata mabata."

Attracta akamshika vidole, akavifumba ndani ya viganja vyake, kama alivyokuwa akimfanyia utotoni asubuhi za baridi. "Malachy, wazazi hawapo tena, sina mwingine wa kuziba nafasi yako. Usiiguse zamu yao."

Malachy alimbusu shavuni. Hakuahidi.

Attracta akapiga upande wa kwanza. Akalaza upinde magotini. Ukumbi ukanyamaza, ikabaki mvua juu ya paa. Ndipo akasikia mkanda wa kodiani ukilia begani kwa Malachy.

Hakufanya kwa ubaya. Shangazi alisisitiza hilo. Watu wa pale wimbo usiokamilika huwawasha kama upupu, na Malachy ndivyo alivyolelewa. Aliuanza upande wa pili polepole, na ulikaa juu ya ule wa kwanza kama kifuniko juu ya chungu chake.

Kisha fidla ikaingia, ikapiga pamoja naye.

Attracta alitazama upinde wake. Ulikuwa magotini. Akatazama duara zima. Kila upinde ulikuwa magotini.

Radoy akainama sikioni kwake. "Mama, nani anapiga?"

"Usigeuke."

Mzee Festus akasimama. Mikongojo yake ilibaki sakafuni. Akamshika mkono Concepta wa posta, na wote wawili wakaanza kucheza. Wengine wakasimama, safu kwa safu, wakashikana, wakazunguka. Mwanzoni walitabasamu.

Mwendo ukaongezeka.

Hakuna aliyeweza kuachia. Bega la Concepta lilichomoka kwa mlio wa tawi linalokatika, na bado alizungushwa kwa mkono huohuo. Kifundo cha Festus kikavunjika. Mfupa ukatoka nje ya soksi. Aliendelea kuukanyagia, tap, tap, sawasawa na wimbo. Kichwa cha mtu kikagonga ukingo wa jukwaa, kikaacha meno, kikapita, kikarudi tena na kugonga palepale. Radoy alijifunga kwenye nguzo kwa mkanda wake, na miguu yake ikaipiga teke nguzo hiyo mpaka viatu vikachanika.

Hakuna aliyepiga mayowe. Pumzi zote zilikuwa zinatumika.

"Dada," Malachy alinong'ona. "Haumaliziki."

Kucha zake zilikuwa zimeng'oka. Kidole kimoja kilikuwa kimepinda kinyumenyume, na bado kilibonyeza.

Attracta, ambaye miguu yake haikuitwa, akachukua kisu cha sandwichi. Akaipasua mivukuto ya kodiani kutoka juu hadi chini. Hewa ikatoka yote. Kodiani ikawa bubu.

Vidole vya Malachy viliendelea kukimbia juu ya vitufe. Fidla nayo iliendelea.

Hapo akaelewa. Zamu ilikuwa imeporwa, na mikono iliyoipora ilikuwa bado kazini.

Malachy naye alielewa. "Vunja," akasema. "Dada, vunja."

Attracta alimburuta hadi kwenye piano ya ukumbi, kando ya jukwaa, akamlaza mikono juu ya vitufe, akauangusha ule mfuniko mzito. Vidole vikacheza. Akaunyanyua. Akaangusha tena. Malachy alikuwa ameuma kola ya shati lake na hakuondoa macho kwa dada yake. Akaangusha. Akaangusha. Mpaka hakuna kilichosogea chini yake.

Fidla ikakatika katikati ya sauti.

Watu wakaanguka walipokuwa. Attracta akarudi kwenye kiti chake, juu ya damu, akaokota fidla yake, akapiga upande wa kwanza hadi mwisho. Ilibidi wimbo ufungwe.

Mzee Festus alikuwa amekufa, na huenda alikufa mapema, kabla hajaacha kucheza. Walionusurika walisema watu walikanyagana kwa hofu ya moto. Hapakuwa na moto, na hakuna aliyewabishia.

Malachy alikaa kwa dada yake, mikono yote miwili ndani ya plasta. Attracta alimlisha kwa kijiko, akamnyoa, akamfunga vifungo. Daktari aliwaonya wasitarajie chochote zaidi ya makucha yaliyokakamaa.

Siku ya kukata plasta, daktari aliweka mkasi chini, akaigeuza mikono ile mara mbili. Mifupa ilikuwa imenyooka. Hapakuwa na kovu. Malachy aliinua mkono wa kushoto kwenye mwanga wa dirisha. Ncha za vidole zilikuwa na ngozi ngumu, na kila ncha ilikuwa na mfereji wa uzi wa fidla, mfereji mrefu wa kina, ule unaochimbwa na miaka mingi kuliko umri wake. Malachy hakuwahi kupiga fidla maishani.

"Dada," alinong'ona, "hii ni ya nani?"

Attracta alimgeuza kiganja. Kucha zilikuwa zimeota zote, ndefu, na chini ya kila moja kulikuwa na udongo mbichi, kama ule wa bomani.