Tangazo Ambalo Kavindu Hakulisoma

Kila Jumapili, ibada ikikaribia kuisha katika kanisa la Kwa Mutisya, watu walianza kupapasa kwa miguu wakitafuta viatu vyao chini ya viti. Walijua matangazo yanakuja. Kwa miaka mingi matangazo hayo yalisomwa na Mzee Nicanor, karani wa kanisa, ambaye hakuwa na haraka na mtu. Akisoma habari ya harusi, lazima aeleze bwana harusi ni mjukuu wa nani, na babu huyo alizaliwa mwaka gani, na mvua ya mwaka huo ilikuwaje. Wakati huo muthokoi, chakula cha mahindi yaliyokobolewa, ulioachwa jikoni ulikuwa ukishika sufuria.

Kisha Mzee Nicanor akapasuliwa jicho katika hospitali moja mjini Thika. Daktari akamkataza kusoma kwa miezi miwili. Mzee akamchagua Kavindu Mbuvi ashike nafasi yake kwa muda. Kavindu alikuwa msichana wa miaka kumi na miwili, mwanafunzi wa Gredi ya Sita, na sauti yake ilisikika hadi mlangoni bila kupasuka.

Jumapili ya kwanza alisoma yaliyoandikwa, akakaa. Watu hawakuamini. Walitoka nje wakiwa na uso wa watu waliopewa likizo.

"Huyu mtoto anajua kazi," mama mmoja alisema. "Leo nitawakuta watoto wangu kabla hawajalia njaa."

Kavindu alizipenda sifa hizo, na nani asingezipenda? Jumapili ya pili aliruka mistari miwili ya tangazo la kwaya ili amalize mapema zaidi. Hakuna aliyegundua. Jumapili ya tatu akaruka minne. Ubaya wa kukata maneno ni kwamba aliyekatiwa hajui alichokosa, kwa hiyo hana la kulalamikia.

Jumapili ya nne kulikuwa na karatasi yenye mhuri kutoka ofisi ya wadi. Matangazo ya serikali yaliwekwa mwisho siku zote, na Kavindu alipoifikia karatasi hiyo nusu ya watu walikuwa wamesimama. Mtoto mchanga alikuwa akilia. Kavindu aliitupia jicho: "Kwa wakazi wote wa Kwa Mutisya, kuhusu mradi wa usambazaji wa maji..." Chini yake kulikuwa na mistari ishirini na saba. Aliikunja mara nne, akaitia mfukoni, akasema, "Huo ndio mwisho wa matangazo."

Mlangoni alishikwa mkono na Syombua, mjane mzee aliyekuwa akiketi kiti cha mbele kila Jumapili. Punda wake alikuwa amekufa wakati wa kiangazi, na tangu hapo alibeba maji mwenyewe kutoka bwawani, mtungi mgongoni na kamba kwenye paji la uso. Alipumzika mara tatu kabla ya kufika nyumbani kwake.

"Yameisha yote, mwanangu?" Syombua aliuliza.

"Yameisha, susu," Kavindu alijibu. Watoto wa pale waliwaita hivyo nyanya zao wote.

"Haya. Mimi sina simu, na kusoma sijui. Wewe ndiwe redio yangu."

Walicheka wote wawili. Kavindu alikwenda zake, lakini kicheko hicho hakikumkaa vizuri.

Jumatano, wakati wa mapumziko shuleni, Kavindu alitumwa na mwalimu awapelekee wageni chai. Aliwakuta kwenye baraza la ofisi ya mwalimu mkuu: Bwana Gachau, msimamizi wa wadi, na mwanamke mmoja wa idara ya maji. Mbele yao kulikuwa na meza iliyojaa fomu, na benchi tatu zisizo na mtu.

"Tangu asubuhi ni watu tisa," alisema yule mwanamke. "Labda watu wa hapa hawataki maji."

"Tangazo lilikwenda kanisani, na kwenye kikundi cha WhatsApp pia," Bwana Gachau alijibu. "Tunahitaji nyumba arobaini zijiandikishe. Ijumaa saa kumi na moja tunafunga orodha. Zisipofika, bomba litapelekwa ng'ambo ya bonde, na hawa watangoja mradi mwingine. Huo sijui utakuja mwaka gani."

Chai ilimwagika kwenye sinia. Kavindu aliomba radhi, akarudi darasani, na somo zima la Sayansi likapita juu ya kichwa chake.

Jioni alimkuta Syombua ameegemea ukingo wa barabara ya vumbi, mahali pake pa pili pa kupumzikia. Kavindu alimsaidia kuuinua mtungi. Alitaka kumwambia, lakini aliishia kumtakia usiku mwema. Nyumbani alikichezea chakula kwa vidole. Angeweza kunyamaza, na hakuna ambaye angejua kamwe. Bomba likienda ng'ambo, watu wangeilaumu serikali, jambo ambalo walikuwa wamelizoea. Njia hiyo ilikuwa rahisi, na Kavindu aliifikiria kwa muda mrefu. Kila alipofika mwisho wake alimwona susu akipanda kilima, akaona aibu hadi masikio yakamwaka moto.

Alhamisi asubuhi, kabla ya shule, alikwenda kwa Mzee Nicanor. Alimkuta amevaa miwani myeusi, anapukuchua mbaazi. Kavindu alimpa ile karatasi.

"Nisomee," Mzee alisema. "Mimi nimekatazwa."

Kwa hiyo ilimbidi asome mistari yote ishirini na saba, mmoja baada ya mwingine. Alipomaliza alikuwa analia.

"Hili ulipewa lini?"

"Jumapili, Mzee. Sikulisoma. Watu walikuwa wamechoka." Alijifuta uso kwa mkono wa sweta. "Na walikuwa wananisifu kwamba namaliza haraka."

"Walinieleza mimi pia. Niliona wivu kidogo, sitakuficha." Mzee aliweka ungo wa mbaazi chini. "Sasa sikiliza. Ukifupisha habari ya harusi, harusi itafanyika tu. Ukiikunja hii, watu wataendelea kubeba maji mgongoni. Gachau amepanga chumba pale dukani. Inuka twende, bado hajatoka."

Bwana Gachau alimsikiliza Kavindu akiwa amekunja uso, na Kavindu akangoja kukaripiwa. Alikaripiwa kweli, maneno mawili matatu makali. Kisha msimamizi akajikuna kidevu.

"Lakini hata mimi nilifanya kazi nusu," alisema. "Nilituma karatasi moja, na ujumbe kwenye simu ambazo wengi hapa hawana. Sikurudi kuuliza kama umefika. Saa tisa, ukitoka shuleni, tutazunguka na gari la ofisi na kipaza sauti. Utasoma wewe."

Mama yake Kavindu alipoombwa ruhusa aliitoa kwa sharti moja. "Kila mnaposimama, aseme kwanza alichokifanya," alisema. "Halafu ndipo asome. Na mimi nitakuwa kwenye hilo gari."

Walisimama kwanza kwenye kinu cha kusagia unga. Kavindu alikishika kipaza sauti.

"Mimi ni Kavindu Mbuvi," alisema, na kipaza sauti kikayapeleka maneno hayo hadi bwawani. "Jumapili nilipewa tangazo la maji nikaliruka, nikasema matangazo yameisha. Haikuwa kweli. Naomba mnisamehe. Sasa nalisoma lote."

Wengine walitikisa vichwa. Mwendesha bodaboda mmoja alisema, "Manze, ungetuchomea kabisa, tukose maji," lakini alisikiliza hadi mwisho, kisha akawasha pikipiki akawaambie watu wa bondeni. Walikwenda dukani, wakaenda bwawani, wakaenda hadi kwenye boma la mwisho. Kila mahali Kavindu alisema maneno yale yale, na hakuna mahali yalipokuwa mepesi.

Kwa Syombua aliingia kwa miguu bila kipaza sauti. Alimweleza yote akiwa amesimama mbele yake.

"Nilikuuliza," Syombua alisema.

"Uliniuliza, susu."

"Na mimi nikaenda nyumbani nimetulia."

Maneno hayo yalimuuma Kavindu kuliko ya Bwana Gachau. Syombua aliinuka, akaingia ndani, akarudi na kitambulisho kilichofungwa katika kitambaa. "Kesho ni saa ngapi?" aliuliza.

Ijumaa foleni ilitoka kwenye baraza ikafika lango la shule. Waliokuja walikuja na majirani zao. Syombua aliweka kidole gumba kwenye fomu saa sita mchana, na hakuondoka, alitaka kuona mwisho wake. Orodha ilipofungwa saa kumi na moja, nyumba zilikuwa sitini na moja.

"Bomba linapita hapa," Bwana Gachau alitangaza. Watu walipiga makofi, wengine wakashikana mikono. Kisha akamgeukia Kavindu mbele yao wote. "Habari ya watu wote ni mali yao wote. Mimi ninayeituma lazima nihakikishe imefika, na wewe unayeisoma huna ruhusa ya kuipunguza. Na ukikosea, sema mapema, siku za kurekebisha zingalipo. Hilo ulilifanya, nami nakushukuru."

Kavindu alimwendea Mzee Nicanor, aliyekuwa pale pia, na kumwomba amtafute msomaji mwingine. Kabla Mzee hajajibu, Syombua alimshika Kavindu mkono.

"Asome yeye," alisema. "Anajua sasa kosa hilo lina uzito gani. Asome yote, hata tukichoka, hata tukisimama. Na Jumapili nitamuuliza tena kama yameisha."

"Niulize, susu," Kavindu alisema.

"Nitakuuliza kila Jumapili," Syombua alijibu, "mpaka nitakapoacha kuhitaji kuuliza."