Pakiti ya Sigara ya Mzee Denzo

Kila Jumapili asubuhi Tomoe alipakia ndoo za achari ya figili kwenye gari la marehemu baba yake. Kisha alipanda nazo mlimani, akizigawa kwenye nyumba za wageni zenye chemchemi za maji moto. Wengine hubeba achari kwa vigari vya mizigo. Tomoe alibeba zake kwa gari jeupe la milango miwili, lililokaa chini kama paka anayewinda.

Baba yake, Mzee Denzo, alilitengeneza mwenyewe. Alisuka injini upya, akafunga turbo kubwa ya kuongeza nguvu, akalishusha gari. Ndani aliacha pakiti ngumu ya sigara, tupu.

"Hii ndiyo rula yangu," alikuwa akisema. "Isimamishe wima. Ikipita chini ya gari bila kugusa, sisi ni halali."

Mtaani kwao kila kijana mwenye gari la kasi alipima hivyo. Hakuna aliyewahi kuipima pakiti yenyewe.

Jumapili moja Tomoe alisimamishwa juu mlimani. Polisi alikuwa pamoja na mkaguzi wa magari.

"Dada, gari hili liko chini mno," mkaguzi alisema.

"Chini kwa nani?" Tomoe alijibu. Alichuchumaa, akaipitisha pakiti chini ya gari. Ilipita. "Umeona? Halali kabisa!"

Polisi alicheka. Mkaguzi hakucheka. Alipima gari kwa rula, kisha akaipima pakiti.

"Sheria inataka sentimita tisa. Pakiti yako haifiki tisa. Gari lako pia halifiki."

Halafu aliinama akachungulia chini. "Na chujio la moshi liko wapi? Hapa naona bomba tupu. Ndiyo maana linanguruma hivi."

Alibandika stika kubwa kwenye kioo cha mbele. Tomoe alipewa wiki mbili kulirekebisha gari na kulipeleka likakaguliwe. Alikatazwa kuibandua stika mwenyewe. Asiporekebisha, gari lisingeruhusiwa tena barabarani.

Tomoe alirudi nyumbani uso unamwaka. Aliona kama wamempima baba yake kaburini.

Mwenyekiti wa mtaa, Bwana Onuma, alikuwa akifagia mbele ya lango lake. Aliiona stika, akatabasamu.

"Afadhali! Sasa tutalala. Gari la wahuni hilo, likapondwe litengenezwe makopo."

"Makopo utayasubiri sana, Bwana Onuma!" Tomoe alimjibu.

Ndani, mumewe Shuhei alikuwa akikata figili. Alisikiliza habari yote, akashusha pumzi.

"Tuliuze, Tomoe. Tununue kigari cha mizigo."

"Haliuzwi."

"Basi tufanye wanavyofanya wenzetu. Tuazime vifaa, tulipitishe kwenye ukaguzi, kesho yake tuvitoe."

"Halafu kila nikiona polisi nijikunyate kama mwizi wa kuku? Sitaki! Nataka kupita mbele yao kichwa juu, kwa gari hili hili la baba."

Wakati huo aliingia jirani yao, Bi Nagae, kununua achari. Bi Nagae alistaafu kazi ya ukaguzi wa magari. Zamani vijana wakimwona tu walikuwa wanapunguza sauti ya injini.

"Kelele zenu nimezisikia kutoka nje," alisema. "Kuna nini?"

"Sheria yenu, Bi Nagae!" Tomoe alifoka. "Inataka sote tuendeshe magari ya kobe?"

"Nani kakudanganya? Nimekagua magari maisha yangu yote. Sijamfelisha mtu hata mmoja kwa sababu injini yake ina nguvu."

Tomoe aliduwaa. "Kwa hiyo turbo ya baba haina kosa?"

"Turbo peke yake si kosa, mwanangu. Sisi tunaangalia mengine. Gari linashika breki? Taa zinamulika mbele bila kumpofusha anayekuja? Tairi hazijatokeza nje ya bodi? Moshi umechujwa? Kelele ziko ndani ya kipimo?"

"Na hizo sentimita tisa? Milimita chache zinamuumiza nani?"

"Zinakuumiza wewe. Barabara si meza. Ukigonga jiwe, paipu ya breki inapasuka. Breki zikikataa kwenye ule mteremko, turbo itakusaidia nini?"

 Mteremko ule Tomoe aliujua.

"Na mtu akiweka injini ya aina nyingine?" Shuhei aliuliza.

"Aende ofisini aandikishe. Vilevile akibadilisha sana urefu au upana wa gari. Hati na gari lazima viseme neno moja. Sasa, hilo chujio mzee alilitupa wapi?"

"Baba hakutupa kitu," Tomoe alisema.

Wote walitazama mlango wa ghala. Kwa miaka mingi mlango ule ulizuiwa na kipande cha chuma usijifunge. Kila mtu alikuwa amekwisha kujikwaa hapo. Bi Nagae alikiinua, akakifuta vumbi, akakitikisa karibu na sikio.

"Ndicho chenyewe! Na ndani hakuna kilichovunjika."

"Mume wangu," Tomoe alisema, "vua aproni."

Walilipeleka gari gereji. Shokapu za Mzee Denzo zilikuwa na pete za kuzungusha, za kupandisha na kushusha gari. Fundi alilifunga chujio, akaweka ekzosi yenye sauti ndogo. Shuhei alilala chini kwenye sakafu iliyo sawa, Tomoe alijaza upepo kwenye tairi, wakapima. Walipandisha mpaka tisa na nusu.

Tomoe aliogopa jambo moja tu, kwamba gari limekufa moyo. Alipoanza kupanda mlima, alikanyaga mafuta kidogo. Gari lilimvuta mgongo kwenye kiti kama siku zote. Alicheka peke yake kwa furaha. Kibao cha mwendo kilisema arobaini, akaenda arobaini.

Siku ya ukaguzi gari lilipita, na stika ikatolewa. Bwana Onuma alikuwa langoni na ufagio wake.

"Bado lipo tu?"

"Lipo, na ni halali. Ukitaka, njoo na rula. Chai ipo."

Bwana Onuma alitega sikio kutafuta ule mngurumo. Hakuusikia, akaendelea kufagia.

Jioni ile Tomoe aliichukua pakiti ya baba yake. Chini yake aligundisha kadi nene, akapima, akaongeza nyingine. Kisha aliirudisha ndani ya gari.

Jumapili iliyofuata alisimamishwa na wale wale, palepale mlimani. Hakusubiri kuulizwa. Alishuka na pakiti mkononi, akaipitisha chini ya gari. Ilipita.

"Dada, tulishasema," polisi alianza, akicheka. "Hiyo pakiti—"

"Ipime," Tomoe alisema.

Mkaguzi alitoa rula yake. Alipima pakiti, akarudia tena. Tisa kamili. Alilipima gari, akasikiliza injini, akachungulia chini.

"Unaweza kwenda," alisema.

"Najua," Tomoe alijibu, akanyoosha mkono apewe rula ya baba yake.