Saa ya Lazaro Kwenye Ndoo ya Mchele

Ti. Ti. Ti.

Upendo alifumbua macho. Jogoo alikuwa hajawika, na chumba kilikuwa giza. Sauti ilikuwa ndogo, kama ya panya mwenye adabu anayegonga kabla ya kuiba. Ilitoka jikoni.

Ti. Ti. Ti.

Alipapasa ukuta mpaka jikoni. Akafunua ndoo ya mchele, akazamisha mkono, akatoa saa ya mumewe. Kioo chake kilikuwa kinawaka.

"Baba Agatha! Amka! Saa yako imefufuka!"

Ile haikuwa saa ya kutazamia muda tu. Lazaro alikuwa mzamiaji. Alikuwa akiingia chini ya maji kukagua milango ya bwawa la umeme, mbali na nyumbani kwao Kilosa. Saa ile ilikuwa kompyuta ndogo ya kuvaa mkononi. Humwambia mzamiaji amefika kina gani, amekaa chini muda gani, na apande vipi asije akaumia.

Wiki iliyopita ilizimika akiwa chini. Lazaro alifanya alivyofundishwa. Alimpa mwenzake ishara, wakapanda wote polepole, na kazi ya siku ile ikaishia hapo. Kisha akaja nyumbani kwa mapumziko.

Upendo aliichukua saa, akaifukia kwenye mchele, kama watu wafanyavyo simu ikilowa. Halafu Fortunatus, fundi simu wa Mabwerebwere, akaifungua kwa kisu chembamba na kuitia betri mpya. Ikagoma. "Irudisheni kwenye mchele," alisema. "Itajirudi yenyewe."

Na sasa imejirudi. Lazaro aliivaa, akatabasamu. "Basi yamekwisha. Leo naondoka nayo."

Upendo alimshukuru Mungu, akaenda kukoroga uji. Kulipopambazuka, binti yao Agatha alikaa mapajani mwa baba yake. Alikuwa chekechea, na siku hizo alisoma kila namba aliyoiona.

"Nne," alisoma.

"Nne ya nini, mama?" Lazaro alimuuliza bintiye.

"Hapa. Kwenye saa."

Lazaro akatazama. Tabasamu likamponyoka. "Inasema niko chini ya maji. Mita nne."

"Na umekaa mkekani," alisema Upendo.

"Labda mto Mkondoa umefurika, sisi hatuna habari," Lazaro alitania.

Hakuna aliyecheka.

"Si kitu," alisema Lazaro. "Nitakuwa natoa nne."

"Utafanya hesabu ya kutoa kule chini gizani, mikono imeshika kazi?"

Kabla hajajibu, simu iliita. Alikuwa Bonifas, mzamiaji mwenzake, rafiki yake tangu utoto wao katika kijiji cha Ulaya, hukohuko Kilosa. Sauti yake ilijaa chumba kizima.

"Kaka, unahangaika na nini? Njoo tutumie yangu! Asubuhi nazama nayo mimi, mchana unaivaa wewe. Kwani ile baiskeli ya shule si tulipokezana?"

"Na ile saa ya akiba iliyoko stoo ya kazini?" aliuliza Lazaro.

"Ah, ile aina nyingine. Ina vitufe kama kinanda. Achana nayo! Ila uwahi. Msimamizi anasema keshokutwa kuna kazi, na asiyekuwa tayari, nafasi yake anapewa mwingine."

Upendo alikaa na mwiko mkononi, uji ukaungua. Saa iliyopita kwa fundi inawaka, lakini inasema wako majini. Saa ya Bonifas ni nzima, lakini si ya Lazaro. Saa ya stoo haijulikani. Alitaka kumwombea mumewe safari njema, ila hakujua amwombee na saa ipi.

"Basi lako unapandia Mikumi," alisema mwishowe. "Tunakusindikiza. Na tutapita kwa mama mdogo Rebeka."

Rebeka alikuwa mdogo wake marehemu mama yake Upendo. Alikuwa muuguzi pale Mikumi. Kabla ya hapo alifanya kazi miaka mingi katika hospitali moja ya pwani, akihudumia wazamiaji walioumia.

"Shikamoo, mama mdogo."

"Marahaba, wanangu. Mbona nyuso kama mmelishwa ndimu?"

Wakamweleza yote. Rebeka alisikiliza. Kisha akachukua chupa ya soda, akaitikisa kwa nguvu, akampa Lazaro. "Fungua, mkwe."

Lazaro akarudi nyuma. "Itanirukia!"

"Kwa nini?"

"Gesi, mama."

"Basi na wewe ni chupa. Ukiwa chini ya maji, gesi ya hewa unayovuta inajikusanya mwilini. Ukipanda haraka, inatoka kwa fujo. Nimeuguza watu walioingia majini wazima, wakapooza miguu. Saa ndiyo inayokwambia ufungue chupa yako kidogo kidogo." Akaichukua chupa, akaifungua polepole. Tsss. Akafunga. Tsss. Haikumwagika hata tone.

Akageuza ile saa mkononi. "Kuwaka si kupona. Imefunguliwa kwa kisu. Ule mpira wa ndani unaozuia maji nani kaukagua? Hii haiingii majini mpaka fundi wa saa za kuzamia aipime. Na kama maji yameshaharibu ndani, mara nyingi ni kuiacha tu."

"Hata nikitoa nne?"

"Leo imeongopa nne. Kesho itaongopa ngapi?"

Lazaro alikuna kichwa. "Basi ya Bonifas. Ile haijaharibika."

Rebeka akamgeukia Upendo. "Mama Agatha, ukienda kliniki na kadi ya mtoto wa jirani, ukampima Agatha, itakuwaje?"

Upendo akafikiri. "Mzani hautakosea. Lakini... uzito wa Agatha utaandikwa kwenye habari za mtoto mwingine." Akaitazama saa. "Mama mdogo, ina maana saa inakumbuka?"

"Inakumbuka. Inashika hesabu ya gesi iliyobaki mwilini mwa aliyezama nayo. Lazaro akiivaa mchana, inampimia mwili wa Bonifas. Na Bonifas akiivaa tena, inampimia miili miwili iliyokorogwa."

"Kumbe!" alisema Upendo. "Baiskeli haikumbuki aliyeipanda."

"Cha kuazima hakisitiri, mwanangu. Kila mzamiaji na saa yake."

"Lakini hiyo ya stoo siijui," alisema Lazaro kwa sauti ya chini. "Ningengoja wanitafutie ya aina ileile niliyoizoea."

"Kungoja ni sawa. Kubadili aina pia ni sawa. Kosa ni kuzama na usiyoijua. Isome. Bonyeza vitufe mpaka vidole vizoee. Kisha ijaribu kwenye maji mafupi, na mwenzako karibu. Bahati yako hujazama tangu wiki iliyopita. Ungekuwa umezama jana, ningekuzuia nchi kavu mchana kutwa na usiku kucha kabla ya kuanza na saa nyingine isiyojua gesi uliyobaki nayo."

"Na nafasi yangu wakimpa mwingine?"

Upendo alimtazama mumewe. "Watampa mwingine kazi ya siku moja. Mimi Agatha nitampa baba gani mwingine?"

Lazaro alitoka nje na simu. Malori ya barabara kuu yalipita yakinguruma, walio ndani wakashindwa kusikia anachosema. Aliporudi, mabega yalikuwa yameshuka. "Msimamizi amenuna. Keshokutwa ataingia mwingine. Lakini amesema niende, nijifunze ile ya stoo."

Ndivyo ilivyokuwa. Saa ya zamani ilirudi Kilosa, mkononi mwa Agatha, ikisema mita nne mpaka betri ikafa. Kila jioni Lazaro alipiga simu, na Upendo akamhoji kama mwalimu.

"Kitufe cha kulia?"

"Kinawasha taa."

"Ikilia wakati unapanda?"

"Nimeenda mbio. Napunguza mwendo."

"Na ikizimika ukiwa chini?"

"Kazi imekwisha. Napanda polepole na Bonifas, sibahatishi. Nikiona ganzi au maumivu ya viungo, moja kwa moja hospitali."

"Na Bonifas akitaka kuiazima?"

"Ameshaacha. Siku hizi analala na yake chini ya mto!"

Ikafika siku ya kuzama kweli. Upendo alikaa uani akipeta mchele. Alipeta, akapeta tena uliokwisha kupetwa. Simu ilikuwa juu ya kinu, kimya.

Ilipoita, mikono yake ilikuwa imeshika ungo. Agatha aliwahi kuishika. Alisikiliza kwa makini, akiitikia kwa kichwa kama vile baba yake anamwona. Kisha akaitoa simu sikioni, akamgeukia mama yake.

"Baba ametoka majini."